Bomba la Moshi Halichaguliwi kwa Sikio

Muhula uliopita nilikuwa darasani, si mbali na mji wa Embu, nikiwasomea wanafunzi wangu kifungu cha ufahamu wa kusikiliza. Nililazimika kuisoma sentensi moja mara tatu. Haikuwa sentensi ngumu. Ila kila nilipokikaribia kitenzi, pikipiki ilipita barabarani ikinguruma kana kwamba inataka kuupasua mlima. Mara ya tatu nilikifunga kitabu, na darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ile ilikuwa Boxer iliyotolewa matumbo. Aliitambua kwa mlio tu, hata bila ya kuiona. Laiti angalivitambua viambishi vya vitenzi kwa uhodari huo!

Kwa msomaji asiyeyajua mambo ya gereji, pikipiki kutolewa matumbo ni kupasuliwa sailensa yake, yaani lile bomba nene la nyuma linalotoa moshi, kuondolewa vibati na vijibomba vyote vilivyomo ndani, kisha kuchomelewa tena ganda tupu. Kazi hiyo haimchukui fundi hodari hata saa moja, na sitaraji kwamba yuko mwalimu katika kaunti za Embu, Tharaka-Nithi na Meru ambaye hajapata kuisikia ikipita nje ya dirisha lake.

Yamkini ningelisahau kisa hicho lau mpwa wangu hangalinipigia simu juma lilo hilo. Yeye ni mwana wa dada yangu, huendesha bodaboda mjini Meru, hubeba abiria kutoka Makutano na mizigo kutoka soko la Gakoromone, na huishi na mama yake upande wa Nkubu.

"Mjomba," akasema baada ya salamu, "ekzosi yangu imeliwa na kutu hadi ikatoboka. Nataka nyingine, lakini pesa zimepungua kidogo."

Nilipomwuliza anataka ya namna gani, akanitajia tatu. Ya kwanza ni bomba halisi la kampuni iliyoiunda pikipiki, ambalo bei yake ilimtia kizunguzungu. Ya pili ni bomba fupi linalong'aa, la kuletwa kutoka ng'ambo, lililobandikwa jina la Yoshimura ya Japani au Akrapovič ya Slovenia, kampuni ambazo bila shaka hazina habari nalo. Ya tatu ni kulipeleka lile lile la zamani kwa fundi, litolewe matumbo na kuzibwa matundu. Moyo wake, nilivyousikia katika sauti yake, ulikuwa kwa lile la pili. Mfuko wake ulikuwa kwa la tatu. Kuhusu la kwanza alisema tu kwamba ni la wazee.

Nilimwambia asinunue chochote hadi nifike. Jumamosi nikapanda matatu, nikapita Runyenjes, nikavuka mto Thuci, nikapita Chuka na Igoji, na njia nzima nikawa natega sikio kama yule kijana wa dawati la nyuma. Nakiri kwamba nilikwenda na hukumu yangu mfukoni. Niliamini kwamba bomba lenye kelele ni utovu wa adabu, basi, na kwamba kazi yangu ilikuwa kumkanya kijana. Fundi niliyekutana naye Meru alinifundisha kwamba nilikuwa sahihi, ila kwa sababu ambazo sikuzijua, na kwamba mpwa wangu naye alikuwa na hoja mbili tatu ambazo sikuwa nimezifikiria.

Fundi huyo ni mzee kuniliko, na alianza kazi katika zama ambazo pikipiki zilikuwa chache, nyingi zikiwa za maafisa wa kilimo na mifugo, mapadre na walimu wachache wenye bahati: Yamaha AG100, Suzuki A100 na wenzake. Hizo zilikuwa injini za mapigo mawili, zile zilizounguza oili pamoja na petroli na kuacha nyuma wingu la samawati. Alipomaliza kunikaribisha kwenye kigoda, akaniambia jambo ambalo nadhani kila mwalimu wa fizikia angependa kulisikia.

"Mwalimu," akasema, "hawa vijana hawadanganyi. Wanasema maneno ya kweli kuhusu injini nyingine."

Akafafanua. Katika injini ya mapigo mawili bomba la moshi ni sehemu ya injini yenyewe. Hakuna vali za kufunga na kufungua. Kuna matundu tu kwenye ukuta wa silinda, nayo pistoni huyafunika na kuyafunua ikipanda na kushuka. Moshi unapotoka, hewa mpya yenye petroli nayo hutaka kuufuata hadi nje. Bomba likiwa limepanuka katikati na kubanwa mwishoni kwa vipimo vinavyofaa, wimbi la mgandamizo hugonga pale palipobanwa, hurudi nyuma mithili ya mwangwi, na kuisukuma ile petroli iliyotoroka irudi ndani ya silinda kabla tundu halijafungwa. Mwangwi ukiwahi, nguvu huongezeka kwa kiasi kikubwa. Ukichelewa, injini hukohoa.

Mtu aliyeifikisha elimu hiyo kileleni alikuwa Mjerumani wa Mashariki, Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, katika miaka ya 1950 na baadaye. Siri yake ilikuwa na thamani kubwa kiasi kwamba mwaka wa 1961, dereva wake Ernst Degner, akiwa karibu kutwaa ubingwa wa dunia, alitoroka wakati wa mashindano nchini Uswidi na kuupeleka ujuzi huo kwa Suzuki wa Japani. Mwaka uliofuata Degner akawa bingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50 akiwa juu ya Suzuki. Mtu alivuka mipaka ya nchi mbili zilizokuwa zikichukiana kwa ajili ya umbo la bomba la moshi! Nimeanza kuwasimulia wanafunzi kisa hicho kila wanapolalamika kwamba mada ya mawimbi haina faida.

Kwa hiyo yeyote anayeendesha chombo cha namna hiyo ana haki ya kulisumbukia bomba lake. Wapo hata leo: huko Marekani na katika michanga ya Ghuba watu hushindana kwa pikipiki za magurudumu manne kama Yamaha Banshee, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1987 ikiwa na silinda mbili za mapigo mawili, na kuchagua bomba kwao ni shughuli ya kupima na kukokotoa. Wala hawabadilishi bomba pekee. Bomba, chujio la hewa na kabureta hubadilishwa pamoja, kwa kuwa injini ni pafu moja: ukipanua pua ya kutolea pumzi, sharti uitazame na ya kuvutia.

Lakini Boxer ya mpwa wangu, na TVS ya jirani yake, na karibu kila bodaboda utakayoipungia mkono baina ya Embu na Maua, ni za mapigo manne. Zina vali. Moshi ukisha kutoka, mlango hufungwa. Mwangwi wa bomba bado una kazi yake, ila ni kazi ndogo, na waliobuni pikipiki walikwisha kuihesabu. Injini ya Boxer ya 150 hutoa nguvu za farasi 12 hivi. Tuseme bomba zuri kweli kweli, lililopimwa na wajuzi, liongeze asilimia 5, na huko ni kulipa heshima lisilostahiki lile la kubandikwa jina. Hiyo ni nusu farasi na ushei. Abiria wawili na gunia la viazi hawataiona hiyo nusu farasi.

Hapo fundi akaniongezea jambo la huku kwetu mlimani. Embu iko kiasi cha mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na Meru iko juu zaidi. Injini inayovuta hewa bila ya kusaidiwa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Yaani pikipiki iliyotoka Mombasa na farasi 12 hufika kwetu na farasi 10 na nusu hivi, na hakuna bomba litakalomrudisha farasi aliyebaki pwani.

"Basi mbona wenye mabomba hayo huapa kwamba pikipiki imekuwa nyepesi?" nikamwuliza.

Akacheka. "Mwalimu, ukipiga kelele unapobeba jiwe, jiwe hupungua uzito?"

Nadhani jibu hilo latosha. Sikio hudanganya mkono. Pikipiki ikilia kama inayokwenda kilomita 80 kwa saa, mwendeshaji huamini kwamba inakwenda 80.

Sasa nije kwenye hasara, kwa sababu mpwa wangu alikuwa amesimama kando akisikiliza kwa uso wa mtu asiyeshawishika. Fundi akachukua plagi mbili kutoka kopo lake. Moja ilikuwa na rangi ya kahawia kama biskuti. Nyingine ilikuwa nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Ya kahawia ilitoka katika pikipiki yenye bomba lake la asili. Ile nyeupe ilitoka katika pikipiki iliyotolewa matumbo bila ya jeti ya kabureta kubadilishwa. Bomba likiwa tupu, hewa hupita kwa wepesi kuliko ilivyokadiriwa, na petroli haiongezeki kwa kadiri hiyo. Mchanganyiko huwa mkavu. Moto wake huwa mkali. Vali ya kutolea moshi huungua ukingo. Mwendeshaji haoni kitu kwa miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja pikipiki hukataa kuwaka, naye hulaumu petroli ya kituo fulani.

La ajabu ni kwamba ubaya huo hujificha huku juu. Kwetu hewa nyepesi huufanya mchanganyiko uwe mzito wa petroli kidogo, hivyo bomba tupu laweza kwenda bila ya kudhuru kwa upesi. Lakini mwendeshaji huyo huyo akichukua abiria kutoka Nkubu ateremke naye hadi nyanda za Tharaka, au atoke Embu aelekee Mbeere, hukutana na hewa nzito na jua kali, na mchanganyiko hukauka zaidi. Fundi anasema pikipiki nyingi zinazoletwa kwake na vali zilizoungua ni za wale wanaofanya safari za kwenda chini. Sijalipima neno hilo, ila kifizikia halina kasoro.

Isitoshe, kuna ule mchezo wa kuzima ufunguo pikipiki ikiteremka na kuuwasha tena ili bomba lilipuke kama bunduki. Msomaji wa Meru anaufahamu. Aghalabu huchezwa mbele ya shule za wasichana. Ufunguo unapozimwa, injini huendelea kuvuta petroli bila ya kuichoma, ikajaa katika bomba la moto. Cheche ikirudi, petroli yote hulipukia humo. Kila mlipuko hupasua kiungo kimoja kilichochomelewa. Mpwa wangu alipoulizwa kama lile bomba lake liliharibiwa na kutu peke yake, aliangalia viatu vyake.

Hata hivyo kijana hakuwa bubu. Alikuwa na hoja, na ni haki niiseme kama alivyoisema.

"Mjomba, wewe hupanda matatu. Mimi hukaa njiani. Gari la miraa likitoka Maua halina breki wala macho. Likikosa kukuona, heri likusikie."

Yeyote aliyekutana na zile Hilux zilizosheheni magunia, zikikimbilia Nairobi kabla miraa haijanyauka, hawezi kuicheka hofu hiyo. Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikamwuliza bomba lake limeelekezwa wapi. Limeelekezwa nyuma. Gari linalomjia usoni, na ndilo lenye hatari kubwa akitaka kulipita lori kwenye kona, hupokea sehemu ndogo ya kelele hiyo, tena dereva wake amefunga vioo na kufungulia redio. Honi huelekezwa mbele. Koti lenye kung'aa huonekana pande zote. Taa nzima hugharimu kidogo kuliko bomba. Hayo nilimwambia, ila sikujidai kwamba nimemaliza hofu yake, kwa maana sijaimaliza.

Hoja yangu mimi ilikuwa ni masikio yake, nayo ndiyo iliyomgusa, pengine kwa sababu ni hesabu. Sauti hupimwa kwa desibeli, na desibeli hazijumlishwi kama maembe. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nishati ya sauti huongezeka mara 10. Wataalamu wa afya kazini huruhusu mtu kukaa katika kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ikiongezeka 3, muda hupunguzwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, na 100 ni robo saa tu. Bomba lisilo na sailensa hufika 100 au kuzidi kwa mtu aliye karibu. Mwendeshaji wa bodaboda huamka alfajiri na kulala usiku. Robo saa yake huisha kabla hajamfikisha abiria wa kwanza Gitoro.

"Usiku ukizima taa," nikamwuliza, "husikii kitu kinalia chii masikioni?"

Akanitazama kama niliyemfungulia sanduku lake. Alikuwa akikisikia tangu mwaka uliotangulia, naye alidhani ni uchovu. Ana miaka 24.

Walimu wenzangu wanaweza kuipeleka hesabu hiyo darasani kama ilivyo. Kelele ya kitu kidogo kilicho mahali wazi hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Pikipiki yenye 100 kwa mita moja itakuwa na 94 kwa mita 2, 88 kwa mita 4, 82 kwa mita 8, 76 kwa mita 16. Mita 16 ndio umbali wa dirisha la darasa langu hadi barabarani, na dirisha hilo lina vioo nusu. Sauti ya mwalimu anayesema kwa kawaida ni kama 60 hadi 65 kwa mtu aliye mita moja mbele yake, na mwanafunzi wa nyuma hayuko mita moja. Hivyo sentensi yangu ilishindwa kwa hesabu kabla haijashindwa kwa adabu.

Sheria nayo ipo. Kanuni za mwaka wa 2009 za kudhibiti kelele na mitikisiko, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, zinazihesabu shule na hospitali kuwa maeneo ya utulivu, ambamo kelele haitakiwi kuzidi desibeli 40 mchana na 35 usiku. Baina ya 40 na 100 mna tofauti ya 60, yaani nishati mara milioni moja. Wanafunzi wangu hawakuamini hadi walipozidisha 10 kwa 10 mara sita ubaoni. Aidha, kanuni za trafiki zinadai kila gari na pikipiki iwe na sailensa inayofanya kazi.

Lakini sheria hiyo huwashukia watu kwa njia ambayo hainipendezi. Mpwa wangu aliwahi kunyang'anywa pikipiki kwa ajili ya kelele na kuikuta, siku tatu baadaye, katika uwanja wa kituo kimoja ambacho sitakitaja, ikiwa haina betri. Wiki hiyo hiyo, anasema, vijana wa mjini wenye Subaru zilizofungwa mabomba makubwa kama ndoo walikuwa wakizunguka Makutano hadi usiku wa manane, na askari wakiwapisha. Nami nimeona matatu zikipita mbele ya hospitali kwa mngurumo na muziki, na hakuna aliyezipungia mkono zisimame. Kelele ya maskini ni kosa. Ya mwenye nacho ni mapambo. Nikiwa mwalimu siwezi kumwambia kijana aitii sheria na papo hapo nijifanye sioni jinsi inavyochagua vichwa vya kuangukia. Nilimwambia yote mawili.

Na nikiri jambo jingine. Wengi wa vijana hawa tuliwafundisha sisi. Tangu serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa ongezeko la thamani, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, pikipiki imekuwa ndiyo ajira ya kwanza ya kijana aliyemaliza shule na kukosa karo ya kuendelea. Amekaa kwenye dawati miaka 12 akiambiwa anyamaze. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya lile bomba. Nasema tu kwamba nilipoutazama uso wa mpwa wangu akiligusa lile bomba linalong'aa dukani, sikuona utovu wa adabu. Niliona mtu anayetaka mji ujue kwamba amepita.

Basi tukachagua. Lile la kubandikwa jina lilikataliwa na fundi mwenyewe: alilipima kwa kulining'iniza kidoleni, akachungulia ndani kwa tochi, akatuonyesha kwamba lilikuwa bomba moja lililonyooka lenye matundu, limezungushiwa pamba ya nyuzi za kioo kidogo ambayo moshi ungeimaliza kabla ya mvua za masika. Kiungo chake na injini kilikuwa kipana kuliko cha Boxer kwa unene wa kidole. Hewa ingeingia hapo na kulifanya lilipuke hata bila ya kuchezewa ufunguo. La kutolewa matumbo sikulitaka mimi. Lile halisi la kampuni lilikuwa ghali mno kwa mfuko wa mwalimu siku ya tarehe 20 ya mwezi. Fundi akatupatia la nne, ambalo mpwa wangu hakuwa amelitaja: bomba la asili lililotolewa katika Boxer iliyopata ajali, likiwa na matumbo yake yote, bila ya kutu ndani. Tulilitikisa, halikulia. Tulililipia chini ya nusu ya bei ya jipya, tukanunua na gasketi mpya, kwa kuwa fundi alisema bomba zuri juu ya gasketi kuukuu ni suti juu ya miguu mitupu. Alilipaka rangi ya kustahimili moto mahali palipochomelewa, ili kutu isianzie hapo, akampa kijana amri ya kuiwasha pikipiki dakika kadhaa kila baada ya kuiosha ili maji yakauke ndani.

Ilipowashwa, mpwa wangu aliinama akadhani imezima. Fundi na mimi tulicheka; yeye hakucheka.

Nilirudi Embu nikijiona nimefanya kazi njema. Majuma mawili baadaye dada yangu akanipigia simu, na baada ya kunijulia hali ya nyumbani, sauti yake ikabadilika.

"Kaka, mmemfanya nini mtoto wangu?"

Nikashtuka, nikauliza kama ameanguka. Hakuanguka. Ila kwa miaka mitatu, akaniambia, amekuwa akilala kitandani bila ya kufumba macho hadi aisikie ile pikipiki ikipanda kilima kutoka barabara kuu. Aliitambua miongoni mwa zote. Ikifika kwenye kona ya kanisa, yeye hugeukia ukutani na kulala. Sasa kijana huingia kimyakimya kama paka, naye hukesha akiwaza lile gari la miraa, hadi anapochoka na kuinuka kwenda kumpapasa kitandani kama yupo.

Sikuwa na desibeli za kumjibu. Tulizungumza kwa muda mrefu, yeye akilaumu na mimi nikijitetea, mwisho tukakubaliana kwamba kijana akifika kwenye kona ya kanisa apige honi mara moja, fupi. Ninavyosikia, anafanya hivyo. Jirani mmoja ameanza kulalamika juu ya honi.